Bodi Zilizokataa Kukaa

Malangali,
Sumbawanga.
18 Julai 1993

Kwako dada Otilia,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Alois na watoto, na kwamba kile kikohozi cha mdogo kimekwisha. Sisi huku tunaendelea, kadiri kipupwe kinavyoturuhusu. Mama anakusalimu sana, anasema ulezi umekubali mwaka huu na fungu lako amelitenga, utafute tu mtu wa kulichukua. Baba naye hajambo. Sauti yake bado inafika hadi kanisani.

Uliniuliza kama ni kweli nimeposwa. Ni kweli, dada. Mwanaume anaitwa Beda, wa kule Kasense, mtoto wa Mzee Baltazari mfyatua matofali. Baba alipokea posa mimi nikiwa nimekwenda kuteka maji, na niliporudi nikaambiwa nichinje kuku. Nilimwambia mama kwamba simtaki. Akanijibu nikoroge ugali, usije ukashika chini.

Unamjua baba, mkwe kwake sharti atoe jasho kwanza. Shemeji Alois alimlimia matuta mpaka mgongo ukamkatika. Safari hii kaka Vitus akasema matuta yanatosha, mkwe huyu atolee jasho karakana. Tangu arudi kutoka Dar, Vitus anatengeneza bodi za vigari vidogo vya kupamba kabatini. Enzi hizi za ruksa kuna mfanyabiashara huko, Bwana Evaristi, anayewauzia wazungu wanaokusanya vigari hivyo. Chesisi, magurudumu na viti vinatoka Ulaya, vya plastiki. Bodi za Landrova za zamani zinamiminwa hapa kwetu uani. Unachanganya rezini, ile gundi nzito ya mafundi wa faiba, na dawa yake ya kuigandisha, unamimina kwenye kalibu ya mpira, ikishakauka unaibandua. Mzungu anataka bodi ikae juu ya chesisi bila kucheza, wala pasiwe na mwanya wa kupitisha wembe. Isipokaa inarudishwa, na matusi juu yake.

Masharti ya baba yalikuwa mafupi. Beda alete kasha zima la bodi zinazokaa, ndoa itangazwe. Zisipokaa mpaka mavuno yaishe, aende zake. Kwa hiyo maisha yangu yote, dada, yaliwekwa juu ya kigari kisichozidi kiganja. Wenzangu wote uani waliona ni jambo la kuchekesha.

Na kweli mwanzoni tulicheka, mimi nikiwa wa kwanza. Unajua baridi yetu ya Juni. Rezini haikutaka kuganda, ikabaki inanata, na Beda kwa akili zake akazipanga kalibu kuzunguka jiko la mkaa kama anayechoma mahindi. Zilipotoka, mapaa yalikuwa yamebonyea katikati na milango imejipinda kama midomo ya mtu anayetaka kulia. Nyingine zilijaa viputo. Baba aliwaita majirani, akazimwaga chini mbele yao, akazikanyaga moja moja kwa viatu vyake vya misa huku akimuuliza Beda kama na watoto wetu atawazaa hivyo hivyo. Vitus alicheka mpaka akashika ukuta. Beda naye alitabasamu, akainama, akaviokota vipande vyote, akafagia na uwanja.

Tabasamu lile ndilo lililonitia hofu. Sina ubaya mkubwa wa kukueleza juu yake. Halewi, hagombani na mtu. Ila hakasiriki kwa lolote, na akinitazama ananitazama kama kitu ambacho tayari kipo kwake, kimebaki kubebwa tu. Nilimchukia, dada, na sina haya kuliandika neno hilo.

Baada ya hapo alijifunza. Akahamishia kazi kwao, akawa anamimina saa sita mchana jua likiwa kali, anazifunika kalibu kwa blanketi lake mwenyewe, na usiku analala bila kujifunika. Hayo alituambia mama yake kwa majivuno. Vumbi la msasa lilimwingia kifuani akaanza kukohoa, na mikono ikamchubuka kwa ile dawa. Nilipoambiwa nilisema vizuri, na mama akanipiga kofi.

Jumapili iliyopita baada ya misa akaja na kasha lake. Baba aliketi na Vitus na mshenga wetu, Mzee Marselino. Bodi zilikuwa safi kabisa, laini kama mayai. Lakini baba hamwamini mkwe na chesisi aliyokaa nayo kwao, kwa hiyo anayo yake ya kupimia, anaifungia ndani, na mimi ndiye niliyekabidhiwa kuitunza. Nikaileta. Bodi ya kwanza ikawekwa, ikacheza. Ukibonyeza pembe ya mbele, ya nyuma inainuka. Ya pili hivyo hivyo, na zote zilizofuata. Baba alianza kucheka kwa furaha ya kweli, akavitafuta viatu vyake.

Dada, sasa nakwambia wewe peke yako. Bodi zile hazikuwa na kosa. Mchana wa Jumamosi, mama akiwa shambani, niliitumbukiza chesisi ya baba kwenye maji ya moto mpaka plastiki ikalainika, nikaipinda kidogo kwa vidole vyangu, nikaitia kwenye maji ya baridi ikakaa hivyo. Kwa macho huoni kitu. Sikuona njia nyingine, maana mdomo wangu haukuhesabiwa. Na wakati baba anavunja ile ya kwanza nilifurahi, nikahisi napumua.

Beda aliomba aishike chesisi. Akaiinua usawa wa jicho, akafumba jingine, akaitazama kwa urefu wake kama fundi anavyotazama ubao. Akaona. Nilijua ameona kwa sababu alinigeukia mimi, si baba. Nikasubiri aseme, nikawa tayari kupigwa na kila mtu pale, na moyoni nikasema hata kipigo ni kheri, angalau watajua.

Beda alipiga magoti mbele ya baba, akasema bodi zimepinda, kosa ni la mkono wake, na akaomba asifukuzwe. Unajua sheria ya baba, mkwe anayekiri kosa kwa kinywa chake na magoti chini hupewa msimu mwingine. Mzee Marselino alifuta machozi, akasema kijana mwenye moyo kama ule haonekani tena siku hizi. Mama analirudia neno hilo kila jikoni anapoingia. Na Beda akaomba jambo moja zaidi, kwamba chesisi ya kupimia atunze yeye. Baba akampa.

Alipokuwa anaondoka alinipita pale mlangoni. Akaniambia taratibu, kwa heshima zote, kwamba plastiki iliyopinda hunyooka, ukiirudisha tu kwenye maji ya moto. Na akatabasamu. Anajua simtaki, dada, na anajua ni kwa kiasi gani, na bado anakuja.

Nakuomba uandike upesi kwa baba kwamba unaumwa na unanihitaji nikulelee watoto. Andika mwandiko mbaya, kama mtu aliyelala kitandani. Ukishasoma hii, ichome. Msalimie sana shemeji Alois, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Mama, baba na Vitus wanawasalimu. Beda naye anawasalimu. Amesimama hapa uani akinisubiri nimalize, amejitolea mbele ya baba kuipeleka barua hii posta.

Mimi mdogo wako akupendaye,
Agnesi