Haragwe Moja Kwenye Ungo

Mpanda, Jumamosi, 14 Juni 1975. Asubuhi baridi kavu, upepo kidogo, anga halina wingu. Kifua: kimya.

Mpendwa Mama,

Leo mjomba amenitumia zawadi kutoka Kibaoni: godoro jipya, limejazwa majani ya mpunga wa mwaka huu. Nimelipokea kwa mikono miwili, kisha nikacheka peke yangu mpaka jirani akachungulia. Wewe tu ungejua ninachekea nini.

Unakumbuka ile likizo ya kidato cha pili, Baba aliposema kifua changu hakiwezi bweni? "Apumue vizuri mwezi mzima, ndipo arudi shule." Nawe kila pumu iliponibana ulikimbilia kubadilisha majani ya godoro, ili nilale palaini. Mimi niliandika yote kwenye daftari: tarehe, hali ya hewa, chakula, moshi wa jikoni, saa niliyoanza kukohoa. Wewe hukusoma shule, ukaweka hesabu yako kwenye kibuyu: usiku mwema punje nyeupe ya mahindi, usiku mbaya haragwe jekundu. Maharage yakazidi.

Mama Shija, jirani yetu Msukuma, alipita akatutania. "Sisi tunalalia ngozi ya ng'ombe, hatupigi miluzi kifuani. Nyie wenye magodoro mna taabu."

Nikarudi kwenye daftari. Kila nilipoandika "Mama kabadilisha majani", usiku uliofuata ulikuwa mbaya zaidi. Nilikaa siku mbili nashindwa kukuambia, maana majani yale uliyakung'uta na kuyaanika mwenyewe.

Nilipokusomea ulilitazama godoro. "Kumbe nimekulaza juu ya ugonjwa, halafu nikakufunika blanketi." Ukacheka mpaka ukakaa chini. Majani tuliwamwagia mbuzi, tukaenda kuomba ngozi.

"Msomi amekuja kufundishwa kulala," alisema Mama Shija.

Tukaanza kuhesabu upya. Mwezi ulipotimia ulimwaga kibuyu kwenye ungo mbele ya Baba. Mahindi matupu, na haragwe moja, la usiku ule upepo ulipoingiza moshi chumbani. Nilikuwa nimekusihi ulitoe, ukakataa.

"Na hili?" Baba akauliza.

"Hilo tumeliacha ujue hatukudanganyi."

Alilishika muda mrefu. Mimi nilikuwa nalitazama kama sanduku langu la shule limo ndani yake. Kisha akalirusha kwa kuku. "Mimi naona mahindi tu."

Ni miaka miwili tangu tukuzike, na sasa nafundisha wengine kusoma. Daftari bado naandika. Siku kifua kikibana natafuta sababu bila kuogopa, na nikiipata nakusikia ukicheka. Godoro la mjomba nimeliegemeza nje ukutani. Mbuzi wa jirani wameshaanza kula kona moja. Nitamwandikia mjomba asante, na itakuwa ya kweli.

Pumzika, Mama.

Mwanao wa miluzi

Jumapili asubuhi: nililala tangu saa tatu na nusu usiku hadi alfajiri. Punje nyeupe.