Kipande Hakijajaa

Alhamisi, Rwamgasa. Jua limewaka tangu asubuhi kama lina kisa na mtu, na vumbi la mawe limenikaa kooni mpaka chai haina ladha. Nimekasirika. Naandika hapa gesti kabla hasira haijapoa, maana ikipoa nitaanza kujitetea.

Wanaopita kwenye blogu hii wanakumbuka nilivyoshangilia mwaka juzi. Shule ya biashara ilitangaza ufadhili kamili kwa wanafunzi wa shahada ya uzamivu: ada, posho ya kujikimu na fedha za utafiti. Niliacha kazi benki. Mama yangu, kule Shinyanga mjini, akapika pilau na kuita majirani. Nilidhani kamili maana yake ni kamili.

Ada wamelipa, sitawasingizia. Posho ndiyo yenye mambo. Haitoki mpaka ripoti ya maendeleo isainiwe, na ripoti haisainiwi bila sura mpya ya tasnifu. Fedha za utafiti nazo unarudishiwa baadaye: tumia kwanza za kwako, leta risiti za mashine, wakague, kisha usubiri. Nimewahi kumwomba dereva wa bodaboda risiti ya mashine. Alicheka mpaka akazima pikipiki.

Sasa wanataka sura ya nne kabla mwezi haujaisha. Nisipoileta ufadhili unakatwa, na msimamizi wangu ameshaniambia kwa simu kwamba safari hii hatanitetea. Sura yenyewe inahusu malipo ya vibarua wa migodi ya dhahabu ya huku Geita miaka ya thelathini, enzi za Mwingereza. Nyaraka za wakubwa nimezisoma zote. Zinaeleza vizuri sana mgodi ulitoa nini. Hazisemi kibarua aliondoka na nini.

Aliyebaki wa kunieleza ni Bibi Nyanzala, ambaye baba yake alichimba huku miaka hiyo. Wengine niliotajiwa wamefariki, au wamesahau.

Yeye hajasahau, ila amechoka na sisi. Nimemkuta ameketi kando ya karasha ya mjukuu wake Doto, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, kelele hadi kifuani. Nikapiga goti, nikaamkia. Akaitikia marahaba huku akiangalia begi langu. Akauliza mimi ni wa ngapi, kwa sababu walionitangulia walirekodi wakaenda zao, na hata salamu hawakurudisha.

"Umekuja na nini?" akauliza.

Nikamweleza habari za chuo, kwamba fedha zipo, ila bado hazijatoka.

"Ng'wanone, mwanangu, mkono mtupu haulambwi. Na Doto akizima mashine, wateja wanahamia kwa jirani. Saa hiyo nani anailipa?"

Nikasema ahadi ni deni, nitamtumia kwa simu mara tu watakaponipa. Nilijisikia nikiongea kwa sauti ileile ya watu wa ofisi ya fedha, sauti ya upole inayokufukuza.

"Watakupa lini?"

"Nikimaliza kuandika haya utakayonieleza, bibi."

Akacheka kidogo, bila furaha. "Kumbe na wewe una kipande."

Kipande nilikijua kwa kusoma tu. Kibarua alipewa kadi ya siku thelathini za kazi, ya kujazwa kabla ya muda uliowekwa. Kila siku aliyomaliza kazi aliyopangiwa, nyapara aliitia alama. Siku aliyoumwa haikuwa siku. Mshahara ulisubiri kadi ijae, na hapo katikati alikula posho, yaani unga wa kupimiwa, wa kumwezesha kuamka kesho aende tena shimoni.

Posho. Neno lilelile ninaloliandika kwenye barua pepe za kuomba, mwaka wa pili huu.

Bibi akampungia Doto mkono, karasha ikazimwa. Sijui kwa nini alikubali. Labda alitaka mjukuu wake naye asikie.

Baba yake alitoka upande wa Mhunze kwa miguu, kutafuta ng'ombe wa mahari. Kipande chake kilikuwa kimebakiza siku mbili tu kijae, jiwe likamwangukia mguuni. Akalala kwenye kibanda, akitumaini kupona kabla muda wa kadi haujaisha. Haukumsubiri. Nyapara alimwambia kwa upole kwamba kadi isiyojaa hailipwi, hiyo ndiyo kanuni, siyo yeye. Akarudi kwao akichechemea, na unga kidogo kwenye mfuko.

Mke alikuja kumpata baadaye sana, kwa ng'ombe wa kaka yake, na kaka hakumwacha asahau. Akiwa shambani akiitwa nyumbani kula, alijibu kipande hakijajaa. Akiambiwa apumzike, kipande hakijajaa. Watoto walikua wakidhani ni utani wa mzee.

"Mpaka tunamzika nilikuwa sijaelewa," akasema bibi. Halafu akamgeukia Doto. "Washa."

Nimerudi gesti nikaandika bila kunyanyua kichwa. Sijawahi kuandika vizuri hivi tangu nianze masomo, na hilo nalo linaniudhi. Nikamtumia msimamizi kurasa za mwanzo, yeye ambaye barua zangu hukaa kwake wiki nzima. Safari hii hata chai haikupoa. Amejibu kwamba sasa pana sura hapa, atasaini.

Nikamuuliza habari ya kumlipa bibi. Akasema mwongozo wa maadili hauruhusu kumlipa shahidi, labda soda, na hiyo soda iwe na risiti.

Nauli ilikuwa mfukoni mwangu muda wote ule. Ningeweza kumpa, nikalala hapa siku moja zaidi, nikamwomba dada yangu anitumie nyingine. Nilifikiria hivyo pale pale, mbele yake, na sikuitoa. Nilimshukuru kwa mikono miwili, nikaondoka.

Zile siku mbili zilizompita baba yake zimejazwa leo, na aliyezijaza ni binti yake, kwa mdomo wake, mashine ikiwa imezimwa kwa hasara ya mjukuu. Kipande kimejaa. Anayekwenda kuchukua mshahara ni mimi.

Nitamtumia posho ikitoka. Nimeandika sentensi hii, nimeifuta, nimeiandika tena. Nyapara naye alikuwa mpole.

Kesho asubuhi napanda basi la Shinyanga. Bibi Nyanzala ananidai, na hana risiti.