Nyuso Tatu kwenye Simu ya Mume Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Kliniki. Foleni, vilio, joto. Kaja dada mmoja wa mradi, fulana mpya, katuwekea programu kwenye simu. Ya kutunza akili za akina mama waliojifungua, eti. Kila asubuhi inauliza unajisikiaje. Unabonyeza uso: unaocheka, uliotulia, unaolia. Ukilia mfululizo, mshauri anapiga. Nikamwambia simu ni ya mume wangu. Akasema mtapangiana. Mtapangiana! Kama zamu ya choo.

Tangu nijifungue sijalala nikashiba usingizi. Namtazama mtoto kama wa jirani, nimeachiwa nimshike kidogo. Hilo halina uso wake.

Jumatano, 5 Machi
Nimebonyeza unaolia. Ikajibu: vuta pumzi, tembea bustanini, jipe muda wako. Bustani ipi? Uani kuna kamba za nguo za wapangaji wote. Nikavuta pumzi. Moshi wa jiko la jirani ukaingia wote.

Jumapili, 9 Machi
Kumbe anayejibu programu ni mama mkwe! Simu ikilia asubuhi anavaa miwani, anabonyeza unaocheka, taratibu, kama anasaini hati ya kiwanja. Nimemuuliza. Akasema, mwanangu, mambo ya nyumbani hayaanikwi kwa watu wa mitandao, wataona tunakutesa. Mume wangu naye: mwache mama, ana nia njema. Humu ndani kila mtu ana nia njema. Mimi nalia bafuni, bomba nimelifungua.

Jumanne, 11 Machi
Ujumbe: Hongera mama, unaendelea vizuri! Na vinyota. Wifi yangu kapiga makofi. Mjinga.

Alhamisi, 13 Machi
Asubuhi nilikuwa namwogesha mtoto. Nikawaza nimwache kwenye beseni, nitoke, nisirudi. Nimeogopa mpaka sasa. Nilitaka kumwambia mtu. Yeyote.

Jioni mshauri kapiga. Si kwa ajili yangu — anafunga majina ya waliopona. Simu tunaiweka spika, maana hiyo sikioni haisikiki. Mama mkwe kaidaka. Ndiyo, mimi ndiye mzazi, akasema. Bibi mwenye wajukuu wanne! Mshauri akamsifu: sauti yako imetulia, mama, inaonekana unapumzika.

Nikashindwa kuvumilia. Nikasema kwa nguvu: mzazi ni mimi, na siko sawa, naogopa kubaki peke yangu na mtoto.

Mume wangu kazima televisheni.

Mshauri akauliza, nani huyo? Mama mkwe alinitazama. Nilidhani atanipa simu. Akasema polepole: ni mdogo wangu. Kajifungua juzijuzi. Hayuko sawa kabisa, tunamwona.

Wanamwona!

Pole yake, mshauri akasema, basi na yeye tumwandikishe. Ana simu?

Nimembeba mtoto nimekuja chumbani kuandika. Mlango nimeuacha wazi.