Maharage Tu, Miaka Yote Hii

Kimuli, Karagwe

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Kama barua hii imekukuta umeketi kibarazani, endelea kuketi. Huku hakuna msiba. Miguu inaendeleaje? Macho yakikataa, mjukuu wako akusomee polepole. Sisi tu wazima. Mvua imenyesha, na asubuhi ukungu hufunika vilima hata nadhani, kwa kitambo kidogo, kwamba ukungu ukiondoka nitaona paa la nyumba ya mama huko kwetu.

Habari kubwa ni ya Konsolata, kitinda mimba wangu. Amemaliza kidato cha sita na anaomba nafasi chuo kikuu, asome saikolojia, elimu ya nafsi na mienendo ya watu. Wifi yako akacheka: "Kusoma mioyo ya watu? Aanze na baba yake, hapo hahitaji nauli."

Kumbe alishaanza. Fomu ilimtaka aeleze kwa nini amechagua somo hilo, kisha mzazi atie saini. Nikasoma kwanza. Ameandika kwa Kiingereza, nakutafsiria: "Majirani zetu wote wana migomba na kahawa. Baba yangu, tangu kabla sijazaliwa, hupanda maharage tu, kwa kuwa huvunwa upesi mtu akaondoka kurudi kwao. Nataka kuuelewa moyo unaosubiri."

Nilikasirika, dada. "Umenianika kwa watu nisiowajua!"

"Baba, Kimuli nzima inajua. Ni wewe tu hujaambiwa."

Siku mbili fomu ilikaa juu ya kabati. Hakuniomba tena, alipalilia tu, mstari kwa mstari. Nikimtazama, mawazo yakanipeleka kwenye njia ya kisimani kwetu, ambayo nimeitembea kichwani miaka yote, jiwe kwa jiwe. Ndipo nikagundua kwamba katika njia ile sijawahi kumwona mwanangu hata mmoja. Hata ndotoni nimekuwa nikirudi peke yangu.

Siku ya tatu nikatia saini. Jana aliipeleka posta. Kama watamchukua, hatujui bado.

Nisalimie shangazi yetu mfinyanzi, na mama mkwe wako mkali, kama Mungu bado anamwogopa. Kwa mdogo wetu wa kiume, salamu ziende na neno moja. Fungu langu la shamba la baba, ambalo mmelitunza bila kuguswa mkisubiri nirudi, alichukue alilime. Akiuliza hadi lini, mwambie: hadi wajukuu zake.

Ni mimi,
mdogo wako akupendaye