Uongo Niliomwambia Wafula

Kinoo, Jumapili alasiri

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo mwingi. Goti linaendeleaje? Nasikia mvua imeshika huko na mahindi yamefika kiunoni. Nimefurahi. Mimi ni mzima, kazi iko, ila baridi ya hapa imenipasua midomo.

Mama, Jumatano ulipiga simu ukaniuliza, "Nasimiyu, ndugu yako amepatwa na nini? Haandiki tena. Anashinda shambani kama mtu aliyefiwa." Nikakujibu sijui. Najua. Ni mimi niliyemfanya hivyo, na kwenye simu ningekudanganya tena, ndiyo maana nimeketi niandike.

Unakumbuka Wafula alivyoacha kazi ya kuuza simu mjini, akasema anarudi nyumbani kuandika kitabu. Nilimcheka. Lakini katika chumba hiki tulichokaa pamoja, malori ya barabara kuu ya Waiyaki Way yakitetemesha sufuria na jirani wa juu akiburuta viti, sote wawili tulikuwa na madaftari. Mimi ndiye niliyeanza kuandika. Yeye akaenda, nikabaki. Akawa ananitumia picha: meza ya baba dirishani, birika la chai, ng'ombe akichungulia. "Sista, huku kumetulia mpaka nasikia kuku akitembea." Maneno hayo niliyasoma nikiwa kwenye foleni ya lifti kule kazini, Upper Hill, nimebanwa na watu mbele na nyuma. Mungu anisamehe, niliomba paa livuje juu ya hiyo meza.

Mwezi uliopita akanitumia kurasa zake. Nilizisoma saa ya chakula, nimekaa kwenye ukuta nje ya ofisi, chapati ikapoa mkononi. Mama, umo humo ndani. Umemweleza jinsi ulivyotoroka kwenu alfajiri, viatu mkononi, ukaolewe na baba. Mimi kifungua mimba wako, miaka yote niliyokusuka nywele, hukuwahi kuniambia. Niliona wivu. Na ameandika vizuri! Nilitafuta mahali pa kucheka nikakosa.

Jioni akapiga. "Sasa sista, niambie ukweli. Iko aje?"

Nikamwambia, "Wafula, hii si kitu. Tafuta kazi."

Akasema, "Sawa. Asante kwa kusoma."

Hakukasirika. Hilo ndilo linaloniuma.

Sasa, miwani yako najua bado haijatengenezwa, kwa hivyo ni yeye anayekusomea barua hii. Wafula, usiruke hapa. Nilikudanganya. Kurasa zile ni nzuri kuliko chochote nilichowahi kuandika. Bado nakuonea wivu, hata sasa ninapoandika haya. Rudi mezani.

Lakini kuna mahali umekosea. Umeandika kwamba siku baba alipofariki hospitalini mama alilia kwa sauti. Hilo ulibuni, maana mama huwa haizungumzii siku hiyo. Wewe ulikuwa mtoto mchanga mgongoni kwake, mimi nilikuwa nimeshika leso yake. Hakulia. Alikunja blanketi la baba pembe kwa pembe, akampa muuguzi, akasema asante. Tulipofika nje akaniuliza kama nina njaa. Andika hivyo. Kumbukumbu hiyo ilikuwa yangu peke yangu, na nimekupa.

Mama, nisalimie shangazi Nafula, mwambie kitambaa chake nimekipata. Msalimie na baba mdogo, na mama mchungaji aliyeniombea nilipokuwa mgonjwa.

Likizo yangu imekubaliwa, nitakuja Desemba. Tutakaa jikoni, mimi na wewe tu. Kama kuna jambo lolote lililobaki ambalo hujamwambia Wafula, tafadhali mama, niwekee.

Ni mimi binti yako,
Nasimiyu