Jaime Akisimama, Mimi Nakaa

Jumatatu, 2 Juni 2025

Fremu imefika. Fundi Amiri kaileta kwa mkokoteni. Mbao za mninga, nzito kama jeneza, Mungu anisamehe. Ina ubao wa kifua, mito miwili ya magoti na mikanda. Dada Veronika, daktari wa mazoezi, alikuja mwenyewe kutuonyesha. Unafunga miguu, unazungusha mkanda nyuma ya makalio, halafu unavuta huku naye anajivuta. Mikono ya mume wangu Jaime bado ni ya mkwezi. Kiunoni kwenda chini ndiyo hakuna kitu, tangu alipodondoka kwenye mnazi kule Shangani mwaka jana.

Akasimama. Nilishasahau kuwa ni mrefu hivi. Tukatazamana tukaona aibu, kama wachumba.

Kisha akapauka, tukamkalisha. Veronika kasema ni kawaida, damu imezoea kulala. Kidogo kidogo, asubuhi na jioni. Mfupa usiobeba uzito unakwisha kwa ndani, anasema, kama mlango ulioliwa na mchwa — nje mzima. Siku moja unamgeuza tu kitandani, paja linavunjika, na yeye hana habari.

Sikulala vizuri. Nimemgeuza miezi yote hii bila kujua hilo.

Alhamisi, 5 Juni

Nimegundua kitu. Jaime akisimama, mimi nakaa. Siwezi kutoka chumbani maana anaweza kuzimia, na mikono yangu haina kazi. Mwanetu Yolanda nampa kijiko na sufuria achezee. Ndiyo nafasi yangu ya kuandika.

Leo Mwanakombo, jirani yetu, kachungulia dirishani. Shemeji, unapiga gwaride? Jaime akamjibu anamsubiri mgeni rasmi. Basi nimefika, anasema Mwanakombo, ruksa kukaa. Wakacheka mpaka mkanda ukalegea. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu hospitali.

Jumanne, 10 Juni

Jaime kamuuliza Veronika: nitaanza lini kutembea?

Veronika akaweka mkoba chini. Akamwambia, kaka, sikudanganyi. Huku kusimama si njia ya kutembea. Ni kulinda mifupa, misuli isijikunje, mkojo ushuke vizuri, usipate vidonda vya kulalia. Ukitunza mwili utaishi sana, utafanya kazi ya kukaa. Kutembea, siwezi kukuahidi.

Jioni kakataa kufungwa. Nisimame kwa ajili ya nini? Nikamwambia kwa ajili yangu, mimi ndiye ninayekugeuza. Akakataa. Nikamfunga miguu hivyo hivyo nikasubiri. Ugali ukapoa. Mwisho akanyoosha mikono kama mtoto anayevishwa shati.

Sikufurahi kushinda.

Ijumaa, 13 Juni

Mama mkwe kaja. Mama Felismina, kutoka kwao kule Ruvuma, na kuku, muhogo, na majani amefunga kwenye kitenge. Alipomwona mwanawe amefungwa kwenye mbao akakaa chini mlangoni. Mwanangu mmemfanya nini, mbona kama mbuzi anayechunwa? Jaime akamwambia ni mazoezi, mama. Akasema mazoezi gani haya ya kumsimamisha maiti.

Alilitamka hilo neno. Kisha akalia yeye mwenyewe.

Anamwita filho, yaani mwanangu, Kireno chao cha ng'ambo ya mto, Msumbiji. Na Jaime akiitwa hivyo anakuwa mtoto kabisa.

Jumapili, 15 Juni

Mama kaomba amkande miguu. Sikuona ubaya. Mikono yake ndiyo iliyonikanda mimi nilipojifungua Yolanda, maji ya moto na majani, taulo limekamuliwa nusu. Nilipiga yowe. Akasema hapo sasa, maji yametosha. Kwao ndivyo wanavyopima: anayekandwa akilia, wanaacha kuongeza moto.

Nilikwenda misa na Yolanda. Nilirudi chumba kinanukia majani, wote wawili wana furaha. Mama kasema amesikia! Filho kasikia joto! Nikamtazama Jaime. Akasema ndiyo, kidogo, kwenye muundi.

Niseme ukweli, moyo ulinipasuka kwa furaha. Nilikwenda uani kufua nepi ambazo zilikuwa safi.

Jumatatu, 16 Juni

Malengelenge. Muundi wa kushoto wote mpaka karibu na kifundo, na kisigino. Ngozi imetoka na shuka.

Hospitali kutwa nzima.

Jumanne, 17 Juni

Nilimuuliza Jaime tukiwa wawili. Ulisikia kweli? Akageuza uso ukutani. Akasema kila mama alipouliza unasikia, niliyaona macho yake. Ningemwambia hapana mara ngapi?

Kwa hiyo alisema nasikia. Lakini hakulia, maana hakuna alichosikia. Na mama akingoja kilio, akaongeza moto. Akidhani dawa bado kidogo tu iingie.

Sijui nimkasirikie nani. Nimepika uji, nimewapa wote wawili.

Jumatano, 2 Julai

Kidonda kinasafishwa kila siku. Kusimama marufuku mpaka kifunge. Fremu imesimama yenyewe pale pembeni, Mama anaanikia vitenge. Mimi nanyoosha viungo vyake pale pale kitandani, goti, nyonga, kifundo cha mguu wa kulia. Veronika anamfanyisha mikono kwa chupa za mchanga. Lakini mapaja yanakwisha. Jana nilizungusha kiganja changu juu ya goti, vidole vikakaribia kukutana. Nikaondoa mkono haraka asione.

Kumgeuza sasa naogopa. Nashika mguu kama nimebeba mayai.

Mama haongei nami sana. Anaamka kabla yangu, anachota maji, anafua mashuka yenye usaha bila kuambiwa. Hajasema samahani. Namsikia asubuhi akisali, na jina la Jaime linarudi, linarudi.

Ijumaa, 18 Julai

Kidonda kimefunga. Daktari karuhusu tuanze upya.

Tumeanza chini zaidi ya tulipoanzia mwezi wa sita. Alizimia mara tu alipofika juu. Nyayo zimeanza kukaza, kisigino hakigusi ubao, Veronika kaweka kabari. Tutazirudisha, anasema, lakini msikatishe tena. Akikatisha tena, paja hili silidhamini.

Mama alikuwa anasikiliza. Alitoa vitenge vyake kwenye fremu akavikunja kimoja kimoja.

Alhamisi, 24 Julai

Msimu wa kupulizia salfa, dawa ya ukungu, unamkimbiza Mama, mikorosho yake imeshachanua. Anarudi Jumamosi. Na anataka kwenda na Jaime.

Kayasema jioni, kwa heshima, mbele yetu wote. Kule kuna mtu amewahi kumsimamisha mgonjwa aliyelala miaka, akaenda shamba kwa miguu yake. Hatumii moto, anasema, hilo alilisema akiniangalia mimi. Na wewe mama Yolanda umechoka, mkwe wangu, nakuona. Umebaki macho tu. Niachie mwanangu upumzike.

Kinachoniuma ni kwamba si uongo. Nimechoka. Kuna sekunde moja nilijiona nimelala kitanda kizima peke yangu, na nikapenda.

Nikasema fremu haiingii kwenye gari. Na kule nani atamfunga? Mama akasema kule hatahitaji kufungwa.

Ijumaa, 25 Julai

Jaime kaniuliza nikiwa namnyoosha goti. Mama ananiahidi nitatembea. Wewe unaniahidi nini?

Nilifikiri. Sikutaka kumjibu vizuri kuliko ukweli. Nikamwambia nakuahidi kwamba nikikugeuza hutavunjika. Na ukizeeka utakuwa na miguu ya kumpakatia mjukuu.

Akasema hiyo ndiyo yote?

Ndiyo yote, baba Yolanda.

Nikamwambia mimi sikushiki na sikusukumi, utaamua wewe. Baadaye nikasimama uani, kusi linavuma, baridi.

Jumamosi, 26 Julai

Gari limekuja mapema, la Saidi, nyuma kuna mifuko ya salfa ya Mama. Jaime alikuwa hajasema lolote. Begi lake Mama kalipanga mwenyewe, shati la kanisani juu kabisa. Mimi nimeongeza mipira ya mkojo na dawa ya kidonda.

Halafu nikamfunga kwenye fremu kama kila asubuhi. Kama anaondoka, aondoke mifupa imebeba kitu. Mama hakunizuia. Alimshika Yolanda.

Amepanda vizuri leo. Rangi imebaki usoni. Kisigino karibu kiguse.

Saidi kapiga honi. Mama kaingia na begi, akasema haya mkwe wangu, mfungue, jua litatuwakia njiani. Nikainama kushika mkanda wa magoti. Jaime akasema, acha kwanza.

Mama akamuuliza, unasubiri nini, baba?

Amelaza kidevu kwenye ubao anatazama dirishani, na dirishani hakuna kitu zaidi ya ukuta wa Mwanakombo. Mama kangoja. Mwisho kaja kukaa hapa kitandani kando yangu, begi mapajani. Haniangalii ninachoandika. Nje Saidi kapiga honi tena, ndefu, kisha kazima injini.

Jaime hajasema anakwenda. Hajasema anabaki. Mikono yake imeshika mbao mpaka vidole vyeupe. Nami naandika, naandika tu, ili mikono yangu isiguse ule mkanda kabla yeye hajaamua.