Faili Lililozaliwa Limefungwa

Ijumaa, 7 Juni 2002. Lilongwe
Wakubwa kwa wadogo, simameni: kuanzia leo tumbo langu si mali ya umma. Mama Neema, katibu wa ofisi ya kanisa, alifungua faili langu la kupunguza unene. "Papa Mwalimu, jana tena mabonge matano ya nsima, huu ugali wa Malawi?" Ofisi nzima ikacheka.

Basi. Kompyuta yetu ni ya Linux, kila mtu anaingia kwa jina lake. Faili likizaliwa, wenzako wanaweza kulisoma. Umask, mpangilio wa ruhusa za kila faili jipya, njo inaamua. Ilikuwa 022, wote wanasoma; nimeweka 077: kila faili langu jipya ni langu peke yangu. Nimejiona injinia.

Kisha nikachapa kwenye kompyuta vikaratasi arobaini vya ndugu waliopotezana vitani na sasa wamepatikana, orodha ambayo Mama Neema ataitoa kwenye printa isomwe Jumapili kanisani Dzaleka, kambi ya wakimbizi. Vidole vinakimbia, kichwa kimelala. Pasteri akavirudisha vikaratasi kwa waliovileta.

Jumapili, 9 Juni. Dzaleka
Orodha haikuja. Aibu! Mama Zawadi wa Fizi alisimama akatangaza matanga ya binti yake Riziki, Jumamosi ijayo. Miaka minne bila habari. Amechoka kungoja.

Jumatatu, 10 Juni
Mama Neema anasema mashine ilimkatalia. "Orodha za zamani zinafunguka. Hii yako njo inakataa." Nikamwambia, mbele ya Pasteri, shida ni vidole vyake.

Nilipokaa kwenye kiti nikakumbuka. 077. Nikairudisha 022 kimyakimya. "Jaribu kesho," nikasema, nikaenda hospitali ya Likuni kumuuguza kaka.

Ijumaa, 14 Juni
Nimerudi. Bado inakataa! Nimeipiga meza, meza imenishinda. Umask, mjinga mimi, inawaangalia wanaozaliwa tu. Faili lililokwisha kuzaliwa linabaki na ruhusa zake mpaka ulibadilishe lenyewe. Nikaandika amri ya kubadilisha ruhusa, chmod 644, neno moja na tarakimu tatu. Likafunguka.

Mara hii nikasoma. Mstari wa kumi na tisa: Riziki, binti wa Zawadi, Fizi. Yuko hai, Kigoma.

Matanga ni kesho.

Jumamosi, 15 Juni. Dzaleka
Nilifika wakati wanatandika mikeka. Nikampa Mama Zawadi karatasi ya orodha. Hajui kusoma. Nikamsomea. Akaketi chini, kitambaa cha kichwa mkononi. Bantu wote waliokuja matangani wakapiga kelele, maharagwe ya msiba yakaliwa kwa nyimbo. Wakaniita malaika. Nikakubali, nikala.

Jumapili, 16 Juni
Ukweli ni huu. Mashine haikukosea. Mama Neema hakukosea. Nilifunga orodha kwa sababu ya kiburi, nikamtupia mwenzangu kosa, na nilipojua nikanyamaza. Mama mmoja akamlilia mtoto aliye hai wiki moja zaidi.

Leo baada ya ibada nimewaambia yote, Mama Zawadi na Mama Neema, wote wawili wamesimama mbele yangu. Mama Neema akatazama pembeni. Mama Zawadi akaikunjua ile karatasi, akaomba nimsomee tena mstari wake.